Nilipaka Rangi Madirisha

Rangi ilikuwa ya krimu, ya mafuta, mkebe wa lita nne. Niliinunua mwenyewe katika duka la hadwea karibu na steji, nikachukua risiti, na bursari akanirudishia pesa zangu wiki iliyofuata. Brashi zilikuwa mbili. Jumamosi asubuhi nilikuja na vijana wanne wa kidato cha pili, tukapaka vioo vya chini vya madirisha yote ya upande wa barabara. Vya juu tuliviacha wazi ili mwanga uingie. Anga ungeiona. Barabara, la.

Kama ulisomea shule ya umma hapa Kenya, pengine unaelewa ninachosema. Pengine darasa lenu lilikuwa na vioo vya aina hiyo na hukuwahi kujiuliza nani alivipaka, lini, na kwa nini. Mimi sasa najua jibu la angalau shule moja. Ni mimi.

Ilikuwa mwaka wa 2019, katika shule moja ya kutwa huku Eastlands. Nilikuwa mwalimu wa bodi, yaani nililipwa na shule yenyewe, si na TSC, na nililipwa pale pesa zilipopatikana. Nilifundisha Kiswahili na Historia. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 63, maana serikali ilikuwa imeamua kila mtoto aliyemaliza la nane aende sekondari. Uamuzi mzuri kabisa, isipokuwa vyumba havikuongezeka kwa kasi ya watoto. Watatu walikalia deski la wawili. Aliyetaka kwenda ubaoni alipita kando kando kama makanga kwenye matatu iliyojaa.

Naibu wa mwalimu mkuu ndiye aliyetoa wazo la rangi. Nisimchore kama shetani. Alikuwa mzee mwema, aliyewahi kumlipia mtoto mmoja karo kutoka mfukoni mwake bila kumwambia mtu. Aliniita ofisini, akasema, "Mwalimu, macho ya hawa watoto yako nje, na akili imefuata macho. Ziba macho, akili itarudi. Samaki mkunje angali mbichi."

Nikamwona ana hoja. Nje kulikuwa na steji, bodaboda, mama wa chapati, wahubiri, na kila baada ya dakika chache manamba akipigana na mwenzake juu ya abiria. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisahau nilichokuwa nikiandika ubaoni.

Tulipokuwa tukipaka, kijana mmoja alisimamisha brashi akaniuliza, "Tichaa, kwani tumefanya nini?"

Nikacheka. Nikamwambia hamjafanya kitu, ni ya kuwasaidia. Akaendelea kupaka.

*

Wiki tano baadaye niligundua kitobo kwenye kioo cha safu ya tatu. Kilikuwa na ukubwa wa shilingi moja, kimekwanguliwa kwa ncha ya bikari, na kilikuwa kwenye kimo cha jicho la mtu aliyeketi. Aliyeketi hapo nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Msichana mtulivu, wa alama za katikati, asiyeinua mkono wala kupiga kelele. Wa aina ile ambayo mwalimu husahau jina lake mpaka muhula wa pili.

Nilimsimamisha. Nikamuuliza mbele ya wote ni kitu gani hicho cha maana huko nje kinachoshinda ngeli. Darasa likacheka. Yeye akaangalia chini.

Kipindi kilipoisha alinifuata kwenye veranda. Aliongea kwa sauti ya chini, nami niliinama kumsikia.

"Pale steji mama huuza ndizi na ovakado. Ana mwavuli wa kijani. Kanjo wakija, mwavuli hushushwa, wanakimbia. Siku nyingine wanamshika. Na ako na mtoto, kakangu, ana miaka mitatu. Wakimshika mama, mtoto hubaki na yule wa kung'arisha viatu mpaka nifike." Akanyamaza kidogo. "Nikiona mwavuli uko juu, mimi hutulia, mwalimu."

Ningependa kuandika kwamba siku hiyo nilikwangua rangi yote. Sikufanya hivyo. Nilimwambia pole, nikamwambia ajitahidi, na Jumatatu nikamhamishia upande wa ukuta. Kile kitobo nikakipaka upya, maana nilijua naibu angekiona na mimi nilikuwa bado nasubiri mshahara wa miezi miwili.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulipofika, Neema alipanda kutoka alama 51 hadi 57 katika somo langu. Darasa zima lilipanda kidogo. Naibu aliyasoma matokeo katika chumba cha walimu, akanigeukia kwa furaha ya kweli: "Si nilikwambia?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo, na makala hii ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa miaka kadhaa.

*

Kuna jibu rahisi ambalo watu wa elimu hulipenda. Linasema hivi: mazingira mazuri huleta matokeo mazuri. Mpe mtoto mwanga, hewa, na nafasi, na alama zitapanda zenyewe.

Ushahidi upo. Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, walitoa ripoti juu ya madarasa 153 katika shule 27 za msingi, yenye wanafunzi 3,766. Walipima mwanga, joto, hewa, rangi za ukuta, na kama mtoto anaweza kuona kwamba darasa ni lake. Wakakuta kwamba maumbile ya chumba yalieleza takriban asilimia 16 ya tofauti ya maendeleo ya watoto hao katika mwaka mmoja. Si kitu kidogo. Zamani kidogo, mwaka wa 1984, Mmarekani Roger Ulrich aliandika juu ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolazwa kwenye vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti walirudi nyumbani mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Tofauti ilikuwa dirisha tu.

Kwa hiyo ningeweza kumwambia naibu: mzee, sayansi inasema dirisha ni dawa. Lakini yeye alikuwa na karatasi ya matokeo mkononi. Angeniambia, sawa, hiyo ni Uingereza na Marekani. Hapa kwetu tumeziba na alama zimepanda. Na kwa hesabu ya darasa lile, muhula ule, angekuwa sahihi.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kumbe nikisema dirisha ni zuri kwa sababu linaongeza alama, nimekubali pia kwamba siku litakapopunguza alama ni halali kuliziba. Nimeifanya haki ya mtoto ya kuona nje kuwa mkopo, na riba yake ni gredi. Akishindwa kulipa, dirisha linachukuliwa.

Tunafanya hivyo kwa mambo mengi. Tunasema watoto wapewe chakula shuleni kwa sababu mwenye njaa hafaulu. Tunasema wasichapwe kwa sababu aliyechapwa huogopa, na mwoga hajifunzi. Tunasema wasichana wapewe taulo za hedhi ili wasikose vipindi. Hoja hizi zote ni kweli na zote zimesaidia watu. Ila jiulize: kama ingethibitishwa kesho kwamba mtoto mwenye njaa hufaulu zaidi, ungemnyima uji? Kama huwezi, basi sababu yako ya kweli haikuwa matokeo. Ilikuwa kwamba mtoto ana njaa, yuko mbele yako, na uji upo.

*

Turudi kwa samaki.

Methali ya naibu nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na nina hakika wewe pia. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini ifikirie kidogo. Samaki anayekunjwa tayari amekufa. Anakunjwa ili aenee kwenye kikaango, si kwa faida yake. Hakuna anayemuuliza samaki kama mgongo unauma. Wahenga walikuwa na maana yao, na sitaki kuwavunjia heshima. Walisema mafunzo yaanze mapema. Ila sisi tumeichukua methali ile tukaijengea madarasa. Tunamwona mtoto kama kitu kinachoandaliwa kwa ajili ya mlo utakaoliwa baadaye na watu wengine: kazi, taifa, soko, Ruwaza ya 2030.

Fanya hesabu pamoja nami. Chukua saa saba kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 39 kwa mwaka. Ni saa 1,365. Zidisha kwa miaka 12 ya msingi na sekondari, unapata zaidi ya saa 16,000, na hapo sijagusa vipindi vya alfajiri, vya jioni, wala vya Jumamosi. Hizo ni saa za maisha ya mtu. Si maandalizi ya maisha, ni maisha yenyewe. Neema akiwa na miaka 15 hakuwa nusu mtu anayesubiri kukamilika. Alikuwa dada wa mtoto wa miaka mitatu, na binti wa mwanamke anayekimbizwa na kanjo. Alikuwa na wasiwasi wa mtu mzima kabisa, na alikuwa amejitafutia dawa yake: mwavuli wa kijani, mara tatu au nne kwa kipindi. Mimi nilimnyang'anya dawa hiyo nikaiita usumbufu.

Naibu alidhani wasiwasi uko nje na unaingilia dirishani. Hapana. Wasiwasi huingia kwa mlango mkuu saa moja na nusu asubuhi, umevaa yunifomu. Dirisha ndilo lilikuwa linautuliza.

Mbona basi alama zilipanda? Nilimuuliza mwenyewe, muhula uliofuata. Akasema, "Nikikosa kuona, nilikuwa naandika tu, mwalimu. Naandika kila kitu ili nisifikirie." Sita zaidi kwa mia. Kwenye ripoti yake mimi ndiye niliyeandika: *Ameimarika. Aendelee vivyo hivyo.*

*

Sitaki uniamini haraka. Kuna hoja dhidi yangu, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza: umakini nao unahitaji kulindwa. Ni kweli. Mwalimu anayeshindana na honi za matatu hafundishi, anapiga mayowe. Darasa lililo karibu na baa ya keroro si darasa. Mtoto ana haki ya ukimya kama alivyo na haki ya mwanga. Lakini kuna tofauti kati ya kulinda umakini wa mtu na kuunyakua. Kama tungetaka kuulinda, tungepanda miti kando ya ua, tungeomba steji isogezwe, tungegeuza deski ziangalie upande mwingine. Na kabla ya yote, tungewauliza wao nini kinawasumbua. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Kipimo changu siku hizi ni kile alichouliza yule kijana wa brashi. Ukimfanyia mtu jambo, naye akaona ni adhabu, na huna jibu ila kucheka, basi simamisha brashi kwanza.

Ya pili: pesa hazipo. Hii nimeisikia katika kila mkutano wa wazazi. Naikubali nusu. Vyumba vya kutosha vinahitaji pesa, na mwalimu wa darasa hawezi kuvitoa mfukoni. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unasema chumba cha mita 7.5 kwa 6 kisizidi wanafunzi 40 kwenye deski za wawili wawili. Sisi tulikuwa 63, na kosa hilo halikuwa la shule. Lakini ile rangi ya krimu haikuwa ya bure. Pesa za kuziba zilipatikana. Kila mara nikisikia "hakuna bajeti" huwa nauliza, nondo za madirishani zilinunuliwa na nani? Ukuta wenye vigae vya chupa juu yake ulijengwa kwa bajeti gani?

Nalitaja la nondo kwa sababu. Tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliteketea usiku. Wavulana 67 walikufa. Moto uliwashwa na wanafunzi, hilo linajulikana, na kila mazungumzo huishia hapo: nidhamu. Lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Aliyewasha moto hakuweka nondo zile. Ziliwekwa na watu wazima, mchana kweupe, kwa nia njema, wakifikiria mwizi na mtoro. Mwongozo wa 2008 ulikuja kusema madirisha ya mabweni yasiwe na nondo na milango ifunguke kwa nje. Hata hivyo tumeendelea kuzika. Mwaka wa 2017 wasichana 10 jijini Nairobi. Septemba 2024, wavulana 21 wa Endarasha, Nyeri, watoto wa shule ya msingi.

Simaanishi kwamba rangi kwenye kioo ni sawa na nondo kwenye bweni. Nasema zinatoka kwa fundi mmoja. Kabla ya kuchora jengo, fundi huyo hufikiria kwanza atakayekaa ndani ni mtu wa aina gani. Akimfikiria mtoro, atajenga zizi. Jengo la namna hiyo huwa limetoa hukumu kabla kosa halijatendeka, na mtoto huisoma hukumu ile kila asubuhi hata kama hajui kusoma.

Mwingereza Jeremy Bentham alichora gereza la namna hiyo mwaka wa 1791: mnara katikati, vyumba kuzunguka, ili askari mmoja aweze kuwaona wafungwa wote nao wasijue lini wanatazamwa. Mfaransa Michel Foucault, katika kitabu chake cha 1975, akasema shule, kambi na viwanda vilikopa akili hiyo hiyo. Niliposoma hayo chuoni niliyaona kama mambo ya Ulaya. Kisha nikafundisha katika chumba ambacho watoto hawawezi kuona nje, ila mlango wake una kitundu ambacho naibu huchungulia ndani. Kitobo cha naibu kilikuwa halali. Kitobo cha Neema kilikuwa utovu wa nidhamu.

Ya tatu ndiyo hoja ya wazee wetu, na husemwa kwa kifua: "Sisi tulisomea chini ya mti na tukawa madaktari." Mzazi mmoja alinitupia hii kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Sikumjibu huko, lakini namjibu hapa kwa heshima. Mzee, mti una hewa. Mti una kivuli. Chini ya mti uliweza kuona ng'ombe wa nyumbani kwenu na mamako akitoka mtoni. Na hakuna aliyewahi kupaka mti rangi ili usione barabara. Ukilinganisha na mabati ya mtaani saa nane mchana, mti ulikuwa chuo kikuu. Pia, tunaowasikia ni wale waliofaulu. Walioshindwa na jua hawako kwenye kundi la WhatsApp kutusimulia.

Na tukitaka mfano wa mtu aliyesomea katika joto akakataa kulisifu, yuko. Diébédo Francis Kéré alizaliwa Gando, kijiji cha Burkina Faso kisichokuwa na shule. Alipelekwa mji mwingine kusoma, akabanwa chumbani na watoto zaidi ya mia moja, joto kama la tanuri. Alipokuwa bado mwanafunzi wa usanifu majengo huko Ujerumani, alichangisha pesa akarudi kujenga shule kwao. Ilikamilika mwaka wa 2001, mwaka ule ule wa Kyanguli. Wanakijiji wenyewe walifyatua matofali ya udongo. Paa la mabati liliinuliwa juu, mbali na dari ya matofali yenye matundu, ili hewa moto itoke juu na hewa baridi iingie kwa madirisha. Udongo ule ule, mabati yale yale, ila yamepangwa na mtu anayekumbuka jasho lake la utotoni. Mwaka wa 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, na kazi yake nyingine iko hapa hapa Kenya, kando ya Ziwa Turkana. Angeweza kusema: mimi nilisomea kwenye tanuri na nikatoboa, nao watoboe. Alisema kinyume chake, kwa matofali.

*

Muhula wa pili niliwapa wanafunzi insha isiyo ya mtihani: *Darasa ninalolitaka*. Nilitarajia vipakatalishi na viyoyozi. Wachache waliandika hivyo. Wengi waliandika vitu vidogo hadi nikaona haya.

Misumari ya kutundika mikoba, kwa sababu ikiwekwa chini inakanyagwa na chakula kinamwagika. Saa ya ukutani. Choo chenye komeo. Kiti kimoja cha ziada nyuma, "kwa mtu ambaye siku hiyo hataki kukaa na watu." Na msichana mmoja aliandika sentensi ambayo siwezi kuisahau: "Nataka nafasi kati ya deski na deski ili nipite bila kuguswa."

Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa lile miezi saba. Nilikuwa nimeona wasichana wakipita kando kando na nikafikiria makanga. Niliona ni kichekesho. Wale waliokuwa wakipita walijua si kichekesho.

Tulifanya tulichoweza. Deski tulizipanga upya tukapata njia mbili zinazopitika, ingawa ilibidi safu ya mbele ikaribie ubao mpaka nikawa nafundisha nimebanwa pembeni. Misumari tulipigilia. Saa niliinunua Gikomba kwa shilingi 350. Kiti cha ziada tulikipata stoo, kibovu mguu mmoja, tukakifunga kwa waya. Kiligombaniwa wiki ya kwanza, kisha kikawa na adabu yake. Aliyekaa hapo hakusemeshwa.

Rangi sikuthubutu kuigusa. Badala yake, kila siku saa nne, nilipokuwa na kipindi huru, nilitembea hadi langoni, nikaangalia steji, nikarudi. Nikipita mlangoni mwa darasa nilimwinulia Neema dole gumba. Mwavuli uko juu. Aliitikia kwa kichwa akaendelea kuandika. Siku mbili katika muhula ule sikuinua dole, na siku hizo nilimwombea ruhusa akaenda kumchukua mtoto.

Nilijivunia sana dole lile. Niliona nimepata jibu: kumbe hatuhitaji madirisha, tunahitaji walimu wenye moyo. Na ni kweli kwamba chumba kizuri chenye mwalimu katili bado ni mahali pabaya. Nimewaona walimu wa namna hiyo kwenye shule zenye nyasi na bwawa la kuogelea.

Lakini Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, mshahara wa bodi ukakatika, nami nikatafuta kazi nyingine. Sikurudi tena. Nilipoondoka, dole gumba liliondoka nami. Hakuna aliyeachiwa zamu ya kwenda langoni. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilipaswa kumjibu naibu siku ile ya matokeo. Wema wa mtu ni hisani; humtegemea mwenyewe, na mwenyewe huhamishwa, huugua, hukosa kulipwa. Nilikuwa nimechukua kitu kilichokuwa cha Neema, yaani kuona alipo mama yake, nikamrudishia kama zawadi kutoka kwangu, kidogo kidogo, saa nne kila siku. Naye akanishukuru! Dirisha halina haja ya kushukuriwa. Dirisha liko pale hata siku mwalimu amekasirika, hata siku mwalimu hayupo. Ndiyo maana inafaa tulijenge vizuri: ili mtoto asihitaji bahati ya kupata mtu mwema ndipo atendewe kama mtu.

Kwa hiyo, mzee wangu, kama unasoma: alama zilipanda, ndiyo. Hata hivyo tulikosea. Hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

*

Mwaka jana nilipita pale kwa matatu, jioni, foleni ikatusimamisha mbele ya shule. Madirisha bado ni ya krimu. Jua lilikuwa linatua upande wa pili, na taa za darasa zilikuwa zimewashwa kwa ajili ya vipindi vya jioni, kwa hiyo niliona kitu ambacho nisingekiona mchana. Vioo vilikuwa na vitobo. Si kimoja. Vingi, vidogo, vya kimo tofauti, vya wanafunzi ambao siwajui na ambao hawakumjua Neema. Mwanga ulikuwa unatoka kwenye kila kimoja.

Kondakta alikuwa anaita abiria wa mwisho. Nikageuka kutafuta mwavuli wa kijani pale steji. Kulikuwa na miavuli mitano au sita, ya kila rangi, na giza lilikuwa limeanza kuingia, sikuweza kutofautisha. Gari likasonga.